Sisi Ndio Tulimfuta Kazi Mzee wa Magazeti

Juzi nilikuwa steji ya Maili Sita nikingoja matatu ya kwenda tao, nikaona mzee ameketi kando ya barabara na kijimeza. Anauza chaja, kava za simu, waya na kredo. Nikamwangalia mara mbili. Nikamjua. Huyu ndiye mzee aliyekuwa anatuletea gazeti nyumbani na baiskeli, kila asubuhi, tangu sijaanza shule.

Tukasalimiana. Akaniambia pole ya Guka, maana hatukuwa tumeonana tangu mazishi. Halafu akauliza, "Sai shosho anasoma nini?"

Nikamwambia tunasoma kwa simu.

Akachukua chaja moja mezani, akaipindua pindua. "Ndiyo maana nauza hizi," akasema, bila hasira.

Nilipanda matatu nikiwa sina raha. Kuna kitu hakujua, na wacha nikiseme hapa. Kati ya 2019 na 2021 nilikuwa nasimamia kundi la WhatsApp la PDF za magazeti. Kila asubuhi kabla ya saa moja, magazeti yote ya Nairobi yalikuwa ndani, bure. Kundi likajaa, nikafungua la pili. Watu wa Bahati, Kabatini, Lanet, hadi Subukia. Nilijiona mkombozi wa wasee wasio na mbao ya kununua gazeti. Sikuwahi kufikiria kwamba kila mtu niliyemwongeza kwenye kundi huenda alikuwa mteja wa mzee mmoja mwenye baiskeli.

Kwa hivyo hii si ile hadithi ya "zamani mambo yalikuwa mazuri". Sina digrii ya historia na sitaki kuwalilia karatasi. Nataka tujue kitu gani hasa kimepotea, nani alikipoteza, na kama kuna chochote tunaweza kuokoa.

Tuanze na vile gazeti lilivyokuwa linafika Bahati, kwa sababu wengi wetu hatujawahi kujua.

Gazeti lilichapishwa Nairobi usiku. Toleo la huku kwetu lilifungwa mapema kuliko la watu wa Nairobi, kwa sababu lazima gari liondoke, lipande hadi Limuru, lishuke bondeni, lipite Naivasha na Gilgil, lifike Nakuru alfajiri. Hiyo ni kama kilomita 160. Ndiyo maana mechi za Ulaya zikichezwa usiku, gazeti la Nakuru asubuhi halikuwa na matokeo, na Guka alikuwa analalamika kwamba sisi watu wa mashambani tunauziwa habari ambayo haijaiva. Kama umewahi kusafiri barabara hiyo usiku, unajua magari ya magazeti yalivyokuwa yanakimbia.

Nakuru, mawakala walikuwa wanahesabu mafungu yaliyofungwa kwa kamba. Wauzaji wanachukua idadi yao. Fungu la Bahati linawekwa juu ya matatu ya barabara ya Nyahururu. Mzee wetu analipokea Maili Sita gizani, anaweka kwenye kikapu cha baiskeli, anaanza kuzunguka: mwalimu mkuu, duka la dawa, kasisi, hoteli mbili, ofisi ya chifu, Guka. Aliyokosa kuuza yanarudishwa jioni. Faida yake kwa kila gazeti ilikuwa shilingi chache tu, kwa hivyo alihitaji watu wengi wanaonunua kila siku bila kukosa. Wateja wa nyumbani ndio walikuwa uti wa mgongo wake. Wale wa barabarani wanakuja siku kuna habari kubwa, wa nyumbani analipa hata siku hakuna kitu.

Guka alikuwa analipa mwisho wa mwezi, pesa ya maziwa ikishaingia. Mzee alikuwa na daftari. Gazeti lilikuwa shilingi 60.

Na gazeti moja halikuwa la mtu mmoja. Guka anasoma kwanza, hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Kisha jirani anakuja kuchukua kurasa za michezo. Shosho anachukua kurasa za matangazo ya vifo, anapitia picha moja baada ya nyingine kutafuta watu anaowajua. Taifa Leo ikija, ilikuwa yangu: mimi nilijifunza Kiswahili cha insha hapo, kwenye mashairi na kwa Shangazi anayejibu watu wenye mapenzi magumu. Tao nako, wauzaji wa Kenyatta Avenue walikuwa wanakukodishia gazeti kwa mashilingi machache ulisome umesimama hapo hapo, urudishe. Wale wasiokuwa na hata hizo walisoma vichwa vya habari chini, mikono nyuma, wakianza siasa. Ukipita Nyayo Gardens mchana ulikuwa unaona gazeti moja na wazee sita. Wiki ikiisha, gazeti hilo hilo linafunga nyama kwa bucha.

Sasa turudi nyuma zaidi, kwa sababu gazeti Kenya halikuanzia na watu kama Guka.

Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900. Miaka miwili baadaye, 1902, mfanyabiashara Mhindi aliyeitwa Alibhai Mulla Jeevanjee alianzisha gazeti Mombasa, African Standard. Ndiye huyo huyo wa Jeevanjee Gardens pale Nairobi, mahali ambapo hadi leo watu wanakaa kwenye viti wakibishana siasa. Mwaka wa 1905 aliliuza kwa Wazungu, likaitwa East African Standard, na 1910 likahamia Nairobi. Hilo ndilo The Standard unaloliona leo. Yaani gazeti la kwanza kubwa la nchi hii lilianzishwa na Mhindi, likawa sauti ya masetla kwa zaidi ya nusu karne.

Na masetla walikuwa wapi? Walikuwa hapa. Bahati, Dundori, Solai, Subukia, yote hii ilikuwa mashamba yao. Walikuwa hata na gazeti lao linalochapishwa Nakuru, Kenya Weekly News. Fikiria hilo vizuri. Wakati babu zetu walikuwa maskwota kwenye mashamba haya, Nakuru ilikuwa na gazeti lake la kila wiki, la Kiingereza, likizungumzia bei ya ngano, ng'ombe na siasa ya mkulima mzungu. Leo Nakuru ni jiji, ilipewa hadhi hiyo tarehe 1 Desemba 2021. Kaunti ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni mbili mwaka wa 2019. Lakini gazeti la kila siku ukiliona hapa limetoka Nairobi.

Waafrika walianza kujiandikia mapema. Mwaka wa 1928, chama cha KCA kilianzisha Muigwithania, gazeti la Kikuyu, na mhariri wake alikuwa Jomo Kenyatta kabla hajawa Kenyatta tunayemjua kwenye noti. Mwaka wa 1939, kampuni ya Standard ikatoa Baraza, gazeti la wiki la Kiswahili, na mhariri wake wa kwanza alikuwa Francis Khamisi. Mwaka wa 1945 Henry Muoria, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, akaanzisha Mumenyereri. Huyu jamaa ningependa kila mtu anayejiita mtengeneza kontenti amjue. Hakuwa na shahada. Aliacha kazi ya mshahara, akaanza kuandika mwenyewe, kuhariri mwenyewe, kutafuta karatasi mwenyewe. Kwa lugha ya leo, alikuwa mtu wa kujitegemea mwenye wafuasi wengi.

Mwaka wa 1952 alisafiri kwenda Uingereza. Akiwa huko, tarehe 20 Oktoba, serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Magazeti ya Waafrika yakapigwa marufuku, lake likiwemo. Hakurudi. Aliishia kufanya kazi kwenye treni za chini ya ardhi London, na akafia Uingereza 1997. Gazeti lilimgharimu nchi.

Kisha uhuru ukakaribia na mambo yakabadilika. Taifa, gazeti la wiki la Kiswahili, lilianza 1958. Aga Khan akalinunua 1959, na 1960 likaanza kutoka kila siku kama Taifa Leo. Oktoba mwaka huo huo Daily Nation ikazaliwa. Aga Khan mwenyewe alikuwa na miaka 23. Ona hapo: kampuni iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote ilianza na gazeti la Kiswahili. Kiingereza kilifuata. Leo Taifa Leo ndilo gazeti pekee la kila siku la Kiswahili Kenya.

Agosti 1963 Kenyatta alikuja Nakuru kuwahutubia masetla na kuwatuliza kwamba hawatafukuzwa. Wengi waliondoka hata hivyo, wakauza. Mashamba yakagawanywa, mengine yakanunuliwa na makampuni na vyama vya watu waliochanga pesa kidogo kidogo. Ndivyo familia yetu ilivyofika Bahati. Kumbuka hilo la makampuni, nitalirudia.

Sasa, mtu asiwadanganye kwamba magazeti yalikuwa malaika. Gazeti lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na marafiki. Standard ilinunuliwa na Lonrho, kampuni ya Uingereza, 1967. KANU ilikuwa na lake, Kenya Times, na la Kiswahili, Kenya Leo. Kenya Times ilikufa 2010, na sijawahi kukutana na mtu aliyelia. Kuna mengi ambayo mhariri aliyaona, akayaacha. Wanawake walionekana kwenye kurasa za mapishi na za vifo. Sisi wa mashambani tulionekana tukifurika, tukipigana au tukipiga kura.

Lakini pia wenye nguvu waliliogopa, na hilo linakuambia kitu. Mwaka wa 1988, jarida la Beyond lilipigwa marufuku baada ya kuandika kuhusu wizi wa ule uchaguzi wa mlolongo. Mwaka wa 1989 Bunge liliwafungia mlango waandishi wa Nation. Tarehe 2 Machi 2006, usiku, polisi waliofunika nyuso walivamia Standard na kuchoma magazeti yaliyokuwa yameshachapishwa. Manze, mtu hachomi kitu kisicho na maana.

Basi, nini kiliua gazeti? Watu wanasema intaneti na wanaishia hapo. Ni kweli lakini ni nusu.

Mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, data ikaanza kushuka bei. Lakini bei ya gazeti haikuwa ndiyo inalisha gazeti. Zile shilingi 60 za Guka hazikutosha karatasi, wino, dizeli ya gari na mshahara wa mwandishi. Kilicholisha gazeti ni matangazo: zabuni, kazi, viwanja, mnada, vifo, pongezi za wanasiasa. Kazi zikahamia mitandaoni. Viwanja vikahamia Facebook. Vifo vikahamia redio za lugha za mama na makundi ya WhatsApp ya familia. Kukabaki mtangazaji mmoja mkubwa, serikali. Mwaka wa 2015 serikali ikakusanya matangazo yake chini ya wakala mmoja, na malipo yakawa ya kungojewa. Gazeti linalongoja hundi kutoka kwa mtu, litamwandika vipi mtu huyo?

Halafu corona ikaja, Machi 2020. Hoteli zikafunga, ofisi zikafunga, kinyozi akaondoa gazeti mezani kwa sababu watu waliogopa kushika kitu kilichoshikwa na wengine. Huku kwetu, huo ndio mwezi baiskeli ilisimama. Wateja wa nyumbani wakikaa miezi mitatu bila gazeti, wanagundua wanaweza kuishi bila gazeti. Na sisi wenye makundi ya PDF tulikuwa tunangoja mlangoni.

Si Kenya peke yake. The Independent ya Uingereza iliacha karatasi Machi 2016. Wiener Zeitung ya Austria, iliyoanza 1703, iliacha kuchapishwa kila siku mwishoni mwa Juni 2023. Gazeti lililokuwa limepita vita na wafalme kwa miaka 320 lilishindwa na hesabu. Kwa hivyo mzee wa Maili Sita hakuwa mzembe, na mimi si mimi peke yangu. Lakini kila gazeti lililokufa lilikuwa na mtu kama mimi mahali fulani, na mimi najua langu.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike haya.

Guka alifariki 2022. Miezi michache baadaye, shosho akaitwa na kampuni moja ya ardhi. Kuna kiplot cha nusu ekari ambacho Guka alikuwa anasema ni chake tangu zamani, hisa alizolipa akiwa kijana. Ofisi ikasema jina lake halipo kwenye vitabu. Shosho hakuwa na risiti. Alikuwa na sanduku la chuma chini ya kitanda, akaniambia, "Angalia humo, Guka wako hakuwa anatupa kitu."

Ndani kulikuwa na magazeti. Uhuru wa Mandela. Saba Saba. Moi akiondoka. Lile la Januari 2008 wakati nchi ilikuwa inaungua, na magazeti ya nchi yakatoka siku moja na kichwa kimoja cha habari, yakiomba nchi iokolewe. Na katikati ya bahasha, kipande cha karatasi kilichokatwa kwa wembe, safi kabisa: tangazo la kampuni hiyo likiwaita wanachama kwa majina na namba. Guka alikuwemo. Namba yake ilipigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Shida ni kwamba alikata tarehe. Alikata hata jina la gazeti. Wakili akasema kipande hiki peke yake ni karatasi tu, tunahitaji ukurasa mzima wenye tarehe.

Nilikigeuza. Nyuma kulikuwa na nusu ya habari ya mpira. Kamerun na Ajentina, Omam-Biyik, kichwa, bao moja bila, Kamerun wakimaliza wakiwa tisa uwanjani. Hiyo unatafuta kwa simu dakika moja: Milan, 8 Juni 1990, siku ya Ijumaa, mechi ya kufungua Kombe la Dunia. Ilichezwa jioni, ikaisha kabla ya saa tatu usiku saa za Kenya. Kwa hivyo iliwahi gazeti la huku. Jumamosi, 9 Juni 1990.

Nilienda Nairobi, kwenye maktaba yenye magazeti ya zamani yaliyoshonwa pamoja kama vitabu vikubwa. Yananuka vumbi na yanachubuka ukifungua vibaya. Gazeti la kwanza, hakuna. La pili, ukurasa wa ndani, tangazo lile lile, mpira nyuma yake, tarehe juu. Nilikaa pale nikitetemeka kama mtu aliyeona mzimu. Mtu fulani, miaka zaidi ya kumi kabla sijazaliwa, alipanga majina yale moja moja, mwingine akayachapisha, dereva akayaleta usiku, na mtu wa magazeti akampa Guka mkononi. Na nakala nyingine ikawekwa mahali ambapo hakuna aliyeweza kuja kuifuta.

Kesi bado haijaisha. Lakini ofisi imekubali kwamba jina lilikuwepo, na sasa ni wao wanaoulizwa lilienda wapi. Kabla ya hapo shosho ndiye alikuwa anaulizwa maswali.

Sasa linganisha na mimi. Mwaka wa 2023 akaunti yangu kwenye mtandao mmoja ilifungwa usiku. Hadi leo sijaambiwa sababu inayoeleweka. Ilikuwa na video za miaka miwili, zikiwemo za wazee wa Bahati wakisimulia vile walivyogawiwa mashamba. Wawili kati yao wameshafariki. Sikuwa nimeweka nakala. Nilikuwa na wafuasi elfu kumi na moja na sikuwa na sanduku la chuma chini ya kitanda.

Na usifikiri ni mimi tu. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, habari ilikuwa mikononi mwetu. Tarehe 25 tulikuwa tunaona moja kwa moja watu wakiingia Bungeni, magazeti yalifika asubuhi yake. Tuliwacheka. Jaribu leo kutafuta zile video ulizosambaza siku hiyo. Ngapi bado zipo? Ngapi unajua nani alizirekodi, wapi, saa ngapi? Sisi tulishinda kwa kasi. Kwa kuhifadhi, gazeti la asubuhi ya pili lilitushinda.

Kuna kingine tulichopoteza ambacho PDF haikuweza kurudisha, nacho ni mtu anayelipwa kwenda kuangalia. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka Solai, hapa jirani, likaua watu wasiopungua 47. Usiku huo na siku zilizofuata kamera zilijaa. Lakini bwawa lililojaa maji juu ya nyumba za watu linakuwa habari kabla ya kupasuka ikiwa tu kuna mtu ambaye kazi yake ni kupanda mlima siku ya kawaida, kuuliza maswali yasiyo na msisimko, kurudi na kuandika. Hakuna anayepata wafuasi kwa video ya "bwawa bado liko sawa". Vivyo hivyo kwa bajeti ya kaunti, zabuni ya barabara ya wadi, dawa zilizokosa zahanati. Mimi mwenyewe nimeishi hapa maisha yangu yote na sijawahi kukaa siku nzima nikisikiliza bunge la kaunti, na niko kilomita chache tu kutoka hapo.

Najua utasema: wewe uliyekuwa unagawa PDF ndiye unatuhubiria? Ndiyo. Mwizi ndiye anajua dirisha liko wapi. Nilikuwa najiambia nasaidia watu wasome. Ukweli ni kwamba wengi walikuwa wanaangalia ukurasa wa kwanza, wanapiga picha ya kichwa cha habari, wanaiweka kwa status, wanaendelea na siku. Gazeti la Guka lilisomwa na watu watano hadi likafunga nyama. PDF zangu zilifunguliwa na mia mbili na sidhani kumi walifika ukurasa wa sita.

Sikuombi ununue gazeti kila siku. Bei ya unga naijua. Na sidhani baiskeli itarudi Maili Sita. Ila kuna mambo matatu mimi nimeanza kufanya, na hayahitaji pesa nyingi.

Moja, niliua yale makundi. Mtu akiniuliza PDF namwambia sina. Nikitumia habari ya gazeti kwenye video, nataja gazeti na jina la aliyeandika. Mtu alitoka jua kali kuipata.

Mbili, kila video ya mzee au ya jambo la hapa nyumbani, naandika tarehe, mahali na majina, naweka nakala kwenye diski mbili, na nachapa ukurasa mmoja wa maelezo saiba ya mtaa. Nimenunua sanduku. Ni la plastiki, lakini ni mwanzo.

Tatu, kila Jumamosi nikienda tao nanunua gazeti moja, namletea shosho. Anaanza na kurasa za vifo, na miwani yake ya kamba. Wiki iliyopita alimpata mwanamke waliyechuma naye pareto zamani. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alienda mazishi.

Jana nilirudi kwa yule mzee. Nilimwambia kuhusu makundi ya WhatsApp, kila kitu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kubeba. Alinyamaza kidogo, akasema angeacha tu hata bila mimi, magoti yalikuwa yameisha. Sijui kama ni kweli au alikuwa ananihurumia.

Nikamuuliza kama bado ana lile daftari. Akacheka. Akalitoa kwenye mkoba aliouweka chini ya meza, limefungwa na raba, kurasa zimekuwa za kahawia. Majina ya nyumba za Bahati yote yamo, nyingine wenyewe walishahama. Akafungua kwa Guka. Machi 2020, magazeti tisa, shilingi 540. Haikulipwa. Corona ilifunga mambo kabla ya mwisho wa mwezi, na baadaye mimi ndiye nilimwambia Guka asijali gazeti, nitamsomea kwa simu.

Mzee hakuwahi kuja kudai. Hata kwenye mazishi hakusema.

Nikatoa simu, nikamtumia 540 kwa M-Pesa. Aliposikia ujumbe umeingia, aliusoma polepole hadi mwisho, akatafuta kalamu, akapiga mstari kwenye jina la Guka, akaandika tarehe ya jana kando yake. Kisha akafunga daftari na raba, akalirudisha kwenye mkoba.